Programu inakufa kwenye Release tu: kosa ni la kompaila au la msimbo wako?

Swali. Ndugu mtaalamu, nimeandika kwa lugha ya C programu ya Linux inayopokea pakiti kutoka mita za maji na kukagua jumla yake kabla ya kuziweka kwenye hifadhidata. Nikiijenga kwa CMake (zana ya kuendesha ujenzi wa programu) kama Debug (toleo la kutafutia makosa), inafanya kazi usiku na mchana. Nikiijenga kama Release (toleo la kupewa wateja), inakufa kwa "Segmentation fault". Pakiti fupi zinapita, ndefu ndizo zinazoiua. Nikiweka printf ndani ya kitanzi ili nione kinachoendelea, tatizo linatoweka! GDB, zana ya kuchungulia programu inayoendeshwa, nayo inanijibu `<optimized out>` kila ninapoiuliza thamani ya kigeu. Kaka mmoja mzoefu ofisini anasema GCC, kompaila ninayoitumia, ina kasoro, niwape wateja toleo la Debug yaishe. Nifuate ushauri wake? Fanksheni yenyewe ni hii hapa chini. `n` inatoka kwenye `pakiti[2]`, na `pakiti` ni safu ya baiti 256 kwenye mashine ya kawaida ya biti 64.

```c
static uint32_t hesabu_jumla(const unsigned char *pakiti, int n)
{
    uint32_t jumla = 0;
    const uint32_t *p = (const uint32_t *)(pakiti + 3);
    for (int i = 0; i <= n / 4; i++)
        jumla += p[i];
    return jumla;
}
```

Jibu. Usiufuate. Hata bila kufungua GDB, dalili zako tatu zinamtaja mtuhumiwa: pakiti ndefu zinaua, printf inaponya, Debug inaponya. Tatizo limo ndani ya fanksheni hii uliyonitumia, na GCC haina hatia. Ila ngoja nikuonyeshe njia ya kufika hapo, maana kesho utakutana na programu ya mistari elfu arobaini na hakutakuwa na mtu wa kukukatia kipande chenye ugonjwa.

Anza na jambo ambalo watu wengi hulisahau: Debug na Release za CMake hazitofautiani kwa uboreshaji (kompaila kuupanga upya msimbo ili uende kasi) peke yake. Kwa GCC, Debug hutumia `-g` tu, yaani hakuna uboreshaji. Release hutumia `-O3 -DNDEBUG`. Hiyo `NDEBUG` hufuta kila `assert` (ukaguzi unaoisimamisha programu sharti likivunjwa) iliyomo kwenye msimbo wako, pamoja na chochote ulichokiweka ndani ya mabano yake. Nimeshaona watu wakiandika `assert(fungua_soketi() == 0)` kisha wanashangaa kwa nini Release haipokei chochote. Soketi haikufunguliwa kabisa, kwa sababu mstari mzima haupo. Kwa hiyo jenga Debug ukiiongezea `-DNDEBUG`. Ikifa, achana na habari za uboreshaji, kapitie assert zako. Kwako naamini haitakufa, lakini jaribio hili ni la dakika chache na linafunga mlango mmoja.

Sasa GDB. `<optimized out>` maana yake ni kwamba pale programu iliposimama, thamani ya kigeu hicho haipo tena mahali ambapo GDB inaweza kuisoma: pengine rejista yake (kisanduku cha thamani ndani ya prosesa) imeshapewa kazi nyingine, pengine kigeu kilifutwa moja kwa moja kwa kuwa kompaila iliona hakihitajiki. Wengi hapa hukimbilia kujenga RelWithDebInfo, wakidhani ni Release yenye taarifa za GDB. Jihadhari na jina hilo. RelWithDebInfo hutumia `-O2`, Release hutumia `-O3`, na kwa tatizo kama lako tofauti hiyo inaweza kulificha tena. Bakia na Release yenyewe na uiongezee `-g` tu:

```
cmake -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DCMAKE_C_FLAGS=-g ..
```

Ikisha kufa ndani ya GDB, usiulize vigeu. Uliza maelekezo ya mashine:

```
x/i $pc
info registers
```

Amri ya kwanza inakuonyesha elekezo moja lililoiua programu. Ukiona `movaps`, au `movdqa`, au `paddd` inayosoma moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, tazama rejista iliyobeba anwani. Maelekezo haya ya SSE (kundi la maelekezo ya prosesa za x86 yanayoshughulikia namba kadhaa kwa pamoja) yanasoma baiti 16 kwa mkupuo, na yanadai anwani igawanyike kwa 16. Kwa maandishi ya heksadesimali hilo ni rahisi kulikagua kwa macho: tarakimu ya mwisho lazima iwe 0. Ikiwa ni 3, au 7, au b, au f, kesi imekwisha.

Kuna mtego mwingine hapa. Kosa la aina hii, kwenye prosesa za x86, Linux hulipeleka kwa programu kama SIGSEGV (ishara ya "Segmentation fault") ileile unayoipata ukisoma kumbukumbu isiyo yako, na anwani inayoripotiwa pamoja nayo huwa ni 0. Mtu akiona 0 anaapa kwamba ni pointa tupu (isiyoelekeza kokote), anatumia mchana mzima kutafuta pointa tupu ambayo haipo. Fungua `dmesg` (ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux): pointa tupu ya kweli huandikwa "segfault at 0", lakini hili huandikwa "general protection". Maneno hayo mawili ya `dmesg` yana thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Ilikuwaje hadi ikafika huko? Kichwa cha pakiti yako kina baiti 3, kwa hiyo data inaanzia `pakiti + 3`. Ukaigeuza anwani hiyo kwa nguvu kuwa pointa ya `uint32_t`. Kwa kufanya hivyo umeiahidi kompaila kwamba anwani inagawanyika kwa 4, kwa kuwa kwenye mashine yako kila `uint32_t` halali hukaa kwenye anwani ya namna hiyo. Kiwango rasmi cha C kinasema ukivunja ahadi hiyo, tabia ya programu haifafanuliwi: chochote kitakachotokea ni halali. Kwenye Debug, kila `p[i]` inasomwa peke yake kwa elekezo la kawaida, na x86 haijali anwani iliyokaa upande, inasoma tu. Ndiyo maana ulipona.

Kwenye `-O3`, kompaila inaona kitanzi kinachojumlisha namba mfululizo na inaamua kuzijumlisha nne nne. Ili itumie maelekezo yanayodai 16, inaweza kuanza kwa kujumlisha moja moja hadi ifike kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, ndipo ianze mkupuo. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, mradi tu ulianza kwenye kigawe cha 4. Wewe safu yako inaanzia kwenye kigawe cha 16 (kanuni za mfumo wa biti 64 kwenye Linux zinataka hivyo kwa safu inayojitegemea yenye ukubwa huo), kwa hiyo unaanzia 3. Ongeza 4 unapata 7, kisha 11, 15, 19, 23. Endelea hadi kesho, hutakutana na kigawe cha 16. Kompaila haihakiki, kwa sababu wewe ndiye uliyeiambia haina haja. Inafika kwenye mkupuo wa kwanza, na programu inakata moto.

Na dalili zako zote zinajieleza. Pakiti fupi hazina namba za kutosha kufikia sehemu ya mikupuo, zinaishia kwenye ile ya moja moja. printf ndani ya kitanzi inazuia kitanzi kugeuzwa kuwa cha vekta, yaani cha mikupuo, kwa kuwa kompaila hairuhusiwi kuunganisha mizunguko minne na kuvuruga mpangilio wa maandishi yanayotoka. Kwa hiyo ulipoweka chombo cha kuchunguzia, uliondoa kitu chenyewe ulichotaka kukichunguza.

Matoleo mengine ya GCC huchagua `movdqu`, elekezo linalosoma baiti 16 popote bila masharti, na hapo msimbo wako huuhuu unapona kwenye `-O3` pia. Ndiyo sababu inaweza kufa kwenye kompyuta yako na isife kwa mwenzako. Tangu GCC 12 ya mwaka 2022, baadhi ya vitanzi hugeuzwa kuwa vya vekta hata kwenye `-O2`, kwa hiyo programu iliyokaa salama miaka mingi inaweza kuanza kufa siku ulipoboresha mfumo, na lawama zote zikaenda kwa toleo jipya.

Kaka yako ofisini anaona kwamba Debug inafanya kazi, na hilo ni kweli. Lakini Debug kwako ni kabati lililosogezwa mbele ya ufa ukutani. Peleka msimbo huo kwenye bodi ndogo yenye prosesa ya ARM ya biti 32, kama zile zinazofungwa karibu na mita, na kompaila ikichagua `ldrd` au `ldm` kusoma namba mbili au zaidi kwa pamoja, unaweza kupata SIGBUS, ishara nyingine inayoua programu.

Wala usione haya. Hata watu wa kerneli ya Linux ilishawakuta. Mwaka 2009, kwenye dereva ya mtandao iitwayo tun, fanksheni moja ilikuwa imeandikwa hivi, nimeifupisha:

```c
struct sock *sk = tun->sk;
if (!tun)
    return POLLERR;
```

Angalia mpangilio. Mstari wa kwanza unaitumia pointa `tun`, wa pili ndio unauliza kama ni tupu. GCC ilisababu kwa utulivu kabisa: kama `tun` imeshatumiwa, basi si tupu, maana kutumia pointa tupu kumekatazwa na lugha, kwa hiyo swali la pili halina maana, tulifute. Ikalifuta. Katika mazingira ambayo anwani 0 iliweza kuwekewa kumbukumbu na mtumiaji wa kawaida, kufutwa kwa mstari huo kulifungua njia ya kuiteka kerneli nzima, na tundu hilo likasajiliwa kwenye orodha ya matundu ya usalama kama CVE-2009-1897. Baada ya hapo kerneli ilianza kujengwa kwa swichi `-fno-delete-null-pointer-checks`. Hujengwa pia kwa `-fno-strict-aliasing`, kwa sababu ya mtindo uleule wa kugeuza pointa ulioufanya wewe: kuzisoma baiti za safu ya `unsigned char` kupitia pointa ya `uint32_t` ni kosa la pili kwenye mstari huohuo, hata kama anwani ingekaa sawa. Waandishi wa kerneli wana sababu zao za kuzima mambo haya kwa jumla, na wanajua gharama yake. Wewe una fanksheni moja tu, irekebishe.

Kabla sijakupa marekebisho, kuna kasoro mbili zaidi humo ambazo hukuziuliza. `i <= n / 4` inazunguka mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Na hii nyingine ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: `n` inatoka ndani ya pakiti yenyewe. `pakiti[2]` ni baiti moja, inaweza kuwa 255. 3 kuongeza 255 ni 258, nawe una 256. Mtu yeyote anayeweza kukutumia pakiti anaweza kukufanya usome nje ya safu yako. Linganisha `3 + n` na idadi ya baiti ulizopokea kweli kutoka `recv` (fanksheni ya kupokea data ya mtandao) kabla ya kuita fanksheni hii.

Kuna zana zinazonasa makosa haya bila wewe kutazama rejista hata moja. Jenga hivi, kisha endesha programu na pakiti zako za kawaida:

```
gcc -O1 -g -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address,undefined ...
```

Sehemu ya `undefined` itakuandikia namba ya mstari na maneno kama `load of misaligned address`, ikitaja kwamba aina hiyo inadai mpangilio wa baiti 4. Sehemu ya `address` itapiga kelele pale utakaposoma nje ya safu. Programu itapungua kasi, kwa kawaida mara mbili hivi au zaidi kidogo, jambo linalovumilika wakati wa majaribio. Kumbuka tu kwamba zana hizi zinaona kilichotokea, haziwezi kuona ambacho hakikutokea: usipoituma pakiti yenye `n` kubwa kama 255, ile kasoro ya 258 itabaki kimya. Itengeneze wewe mwenyewe uitume. Kama programu yako ina nyuzi kadhaa, jenga tena peke yake kwa `-fsanitize=thread`, maana hiyo haikai pamoja na `address`.

Vipi kuhusu maonyo ya kompaila? Washa `-Wall -Wextra` daima, ila kwa kosa lako hili yatanyamaza. Hata `-Wcast-align` hunyamaza kwenye x86, kwa kuwa prosesa hiyo inavumilia. Unahitaji `-Wcast-align=strict`, iliyoingia na GCC 8. Nashangaa kwa nini watu wachache wanaijua.

Tuseme sasa huna mtuhumiwa: programu ni kubwa, zana hazionyeshi kitu, na Release bado inakufa. Hapo unagawanya. Jenga nusu ya faili kwa `-O0` na nusu kwa `-O3`, ziunganishe, endesha. Ikifa, mwenye kosa yumo kwenye nusu ya `-O3`, igawanye tena. Faili 64 zinaisha kwa hatua sita. Ukibaki na faili moja, weka `__attribute__((optimize("O0")))` juu ya fanksheni moja moja hadi umpate. Njia hii ni ya uchunguzi tu, usiache alama hizo kwenye msimbo wa kudumu. Halafu, ukishajua faili, jaribu swichi hizi kwa zamu: `-fno-strict-aliasing`, `-fwrapv`, `-fno-tree-vectorize`. Inayoponya inakutajia aina ya ahadi iliyovunjwa. Kwako ya tatu ndiyo itakayoponya.

Wahalifu wengine nitawapitia haraka. Kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo: kwenye Debug mara nyingi hukuta 0 kwa bahati, kwenye Release hukuta takataka, zana ya Valgrind humnasa vizuri. Namba yenye alama inayofurika: `if (a + 100 < a)` hufutwa, kwa kuwa lugha inasema kufurika huko hakutokei. Fanksheni ya C++ iliyoahidi kurudisha thamani kisha haina `return`: tangu GCC 8 onyo lake limewashwa lenyewe, na ukilipuuza, programu inaweza kuendelea moja kwa moja kuingia kwenye fanksheni inayofuata kwenye kumbukumbu, kioja ambacho hutakielewa ukitazama GDB. Na kwa wanaoandika msimbo wa vifaa vidogo, kigeu kinachobadilishwa na katizo (kifaa kinapoikatiza prosesa) bila `volatile`: kitanzi kinachokisubiri hakitaisha, kwa kuwa kompaila ilikisoma mara moja na ikaridhika.

Pia usichanganye kufa na kuuawa. Ukipata ujumbe `*** buffer overflow detected ***`, hiyo ni glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, inayokuzuia kabla hujaharibu kumbukumbu. Ulinzi huo, uitwao `_FORTIFY_SOURCE`, hufanya kazi pale tu uboreshaji ulipowashwa, na Ubuntu huuwasha yenyewe. Kwa hiyo Debug inapita kimya ikiandika nje ya safu, na Release inasimamishwa. Toleo linalokufa ndilo lenye afya kati ya hayo mawili.

Je, kompaila haikosei kamwe? Inakosea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha kazi ya Csmith, zana inayotunga programu za C kwa bahati nasibu, na walikuwa wameripoti kasoro zaidi ya 325 kwenye kompaila mbalimbali, zikiwemo GCC na LLVM. Lakini GCC yenyewe inaomba kwamba kabla ya kuripoti kasoro ujaribu `-Wall -Wextra`, na inakuonya kwamba kama `-fno-strict-aliasing -fwrapv` inabadilisha matokeo, basi huenda msimbo wako ndio usio sahihi. Ukizimaliza hatua zote hizo na kosa bado lipo, lipunguze hadi mistari michache kwa zana ya C-Reduce, kisha wapelekee. Mistari kumi watakushukuru, faili mia hawatazifungua.

Marekebisho yako ni haya:

```c
static uint32_t hesabu_jumla(const unsigned char *pakiti, size_t n)
{
    uint32_t jumla = 0;
    for (size_t i = 0; i + 4 <= n; i += 4) {
        uint32_t v;
        memcpy(&v, pakiti + 3 + i, sizeof v);
        jumla += v;
    }
    return jumla;
}
```

Usiogope gharama ya `memcpy`. Kwa ukubwa unaojulikana wa baiti 4, GCC kwenye `-O2` inaifuta na kuweka elekezo moja la kusoma, na kwenye `-O3` bado inaweza kujumlisha kwa mikupuo, safari hii ikijua kwamba anwani haina dhamana. Kama mita inatuma kila namba ikitanguliza baiti yenye uzito mkubwa, pitisha `v` kwenye `be32toh` kabla ya kujumlisha.

Na kama mteja anasubiri leo na huna nafasi ya kujaribu marekebisho vizuri, usimpe Debug nzima. Zima vekta kwa faili hilo moja tu, uandike pembeni kwa nini na tarehe ya kuiondoa:

```
set_source_files_properties(pakiti.c PROPERTIES
    COMPILE_OPTIONS "-fno-tree-vectorize")
```

Ukaguzi wa `n` dhidi ya `recv` usiuahirishe hata hivyo. Huo uingie kwenye toleo la leo.